Upana wa Tairi na Haki ya Gari la Zamani

Miongoni mwa watu waliojaliwa kumiliki magari ya spoti ya zamani, ambayo idadi yake hupungua mwaka hata mwaka kwa kutu, kwa ajali na kwa kubomolewa ili yauzwe vipande vipande, imeenea desturi moja ambayo nimeitazama kwa muda mrefu na ambayo sasa naona ni wajibu kuisema hadharani. Gari halijakaguliwa bushi zake, wala beringi zake, wala mipira yake ya breki, lakini tayari limekwisha kuvuliwa magurudumu liliyotoka nayo kiwandani na kuvishwa rimu pana zenye matairi mapana yaliyotokeza nje ya madigadi. Na mwenyewe akiulizwa sababu, hujibu kwa yakini kwamba sasa gari lake linashika barabara. Jawabu hilo lina sehemu ya kweli, na kwa kuwa lina sehemu ya kweli halifai kupuuzwa, bali lafaa kupimwa kwa insafu, ijulikane kinachopatikana na kinachopotea.

Nitachukua mfano wa gari moja tu, kwa sababu maneno ya jumla katika jambo hili hayamfai mtu aliyeshika spana. Gari hilo ni Datsun 240Z, la ukoo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, lenye boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, na uzito unaozidi kidogo tu kilo 1,000. Sikulichagua kwa uzuri wake peke yake, ijapokuwa ni zuri, bali kwa kuwa sisi watu wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulizungumza kama jamaa. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya magari ya Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, na Hans Schüller akimsomea njia. Na katika mashindano yale yale nafasi ya pili ilishikwa na 240Z nyingine, iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Miaka miwili baadaye Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, akashinda kwa gari la namna hiyo hiyo, baada ya kumaliza sawasawa kwa adhabu na Harry Källström, hata ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kati ya mara tano alizoshinda Mehta katika Safari, na wazee waliosimama kando ya barabara siku zile wangali wanausimulia.

Gari hilo lilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, zenye upana wa inchi 4.5 tu, na matairi ya milimita 175. Mtu wa leo akiyaona hucheka, kwa maana hata gari dogo la kwenda sokoni sasa huvaa matairi mapana kuliko hayo. Walakini wahandisi walioyachagua hawakuwa wajinga, wala hawakufanya hivyo kwa ubahili peke yake. Usukani wa gari lile ni wa kugeuzwa kwa nguvu za mikono bila msaada wa pampu. Miguu yake yote minne hujitegemea, kila mmoja ukiwa na springi iliyozungushwa juu ya shokapu. Na kila kipimo, kuanzia ugumu wa springi hadi pembe za magurudumu, kilipangwa kwa kujua ni tairi gani litakalokuwa chini. Ukibadilisha tairi umeyagusa mengine yote, upende usipende.

Tuanze na lile linalodaiwa kupatikana, yaani mshiko. Watu wengi huamini kwamba tairi likiwa pana maradufu, basi mpira unaoigusa barabara nao huongezeka maradufu, na sivyo. Kila gurudumu la gari hili hubeba kiasi cha kilo 260. Ukijaza upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita mraba, ardhi huguswa na takriban sentimita mraba 130 za mpira, na ukiweka tairi pana zaidi kwa upepo ule ule, eneo hilo halizidi sana. Kinachobadilika ni umbo lake: badala ya kuwa refu na jembamba huwa fupi na pana. Umbo hilo pana lina faida ya kweli katika kona, kwa kuwa tairi hupinda kidogo kuliko lile jembamba chini ya mzigo ule ule, na joto la msuguano hutawanyika vizuri. Ndiyo maana magari ya mashindano ya lami huvaa matairi mapana, na sina hoja ya kulikana hilo. Lakini faida hiyo ina sharti moja ambalo wauzaji wa rimu hawalitaji: tairi pana lazima lisimame wima juu ya lami. Gari la zamani lenye springi laini likiingia kona huinama upande wa nje, na gurudumu la nje huinama pamoja nalo, kwa sababu mguu wa namna hii hauna uwezo mkubwa wa kulinyoosha. Hapo tairi jembamba lenye mashavu marefu hukunjika kwa upole na kuendelea kushika, ilhali tairi pana lenye mashavu mafupi hupanda bega lake la nje, na ule upana wote ulionunuliwa kwa fedha nyingi ukabaki hewani. Ili kuutumia, mwenye gari itambidi akaze springi, abadilishe shokapu, afunge bushi ngumu, apime upya pembe za magurudumu. Na akimaliza, analo gari jingine, ambalo huenda ni zuri kwa uwanja wa mashindano, lakini linalomgonga mgongo kila anapovuka tuta.

Jambo la pili ni nafasi, na hapa hesabu ni nyepesi kiasi kwamba hakuna udhuru wa kutoifanya. Ukitoka rimu ya inchi 4.5 ukaenda kwenye rimu ya inchi 7 umeongeza inchi 2.5, yaani milimita 63.5. Kama rimu mpya imekaa mahali pale pale pa zamani katikati yake, basi milimita 32 hivi zitaingia ndani na milimita 32 zitatoka nje. Ndani kuna kikombe kinachobeba springi; nje kuna ukingo wa digadi. Mwenye haraka, akiona kwamba ndani pamebana, hununua spesa na kulisogeza gurudumu nje, na hapo ndipo matatizo yanapoanza kuongezeka moja baada ya jingine. Spesa hula urefu wa stadi, nati ikawa imeshika nyuzi chache kuliko inavyopasa. Gurudumu likisogea nje, uzito unaolala juu ya beringi hupata wenzo mrefu zaidi, na beringi iliyokuwa ikiishi miaka mingi huanza kuvuma mapema. Kadhalika ule mstari ambao gurudumu la mbele huuzunguka likigeuzwa huwa mbali na katikati ya tairi, na kila shimo, kila jiwe na kila kushika breki kwa upande mmoja hufika mikononi mwa dereva kama mvuto wa ghafla. Beringi na viungo vya usukani havijui kwamba rimu ni nzuri kwa kutazamwa. Vinajua mzigo tu.

Nimemwona fundi mmoja wa Nairobi akilipima jambo hili kwa namna ambayo ningependa kila mwenye gari aione kabla hajatoa fedha. Alilipandisha gari juu ya stendi, akaitoa springi ya mguu wa mbele akaufunga mguu bila springi, kisha akafunga gurudumu jipya na kupaka chaki nyeupe kuzunguka ukingo wa ndani wa digadi. Akaweka jeki chini ya mguu akaupandisha polepole mpaka ukafika mwisho wake, pale ambapo katika safari ungefika gari likiangukia shimo; akamwamuru kijana wake ageuze usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Alipoushusha, bega la tairi lilikuwa na mstari mweupe wa urefu wa shibiri nzima, na upande wa ndani, karibu na kikombe cha springi, kidole chake kidogo hakikupita. Hakusema neno. Mwenye gari alitazama ule mstari, akatazama rimu nne alizokwisha kuzilipia, akauliza kama haiwezekani kuupiga ukingo nyundo ukunjike. Yawezekana, na hufanywa kila siku. Lakini bati lililokunjwa hupasuka rangi, maji huingia katika mkunjo, na kwa gari hili ambalo sifa yake mbaya kuliko zote ni kutu, huo ni mwanzo wa digadi kuliwa kutoka ndani mahali ambapo jicho halifiki. Wenzetu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambao upepo wa chumvi huwatembelea usiku na mchana, hawahitaji kuelezwa zaidi. Aidha, mshiko mkubwa wa tairi humaanisha nguvu kubwa zaidi inayovuta sakafu na mihimili ya chini, ambayo katika magari mengi ya umri huu imekwisha kupungua unene. Na sijapata kumsikia muuza rimu akimuuliza mteja habari za mihimili yake.

Tukitoka gereji tukaingia barabarani, hoja ya upana hudhoofika zaidi. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi imechimbwa mifuo na malori mahali pengi, na tairi pana hupenda kuifuata mifuo hiyo, likimvuta dereva kushoto na kulia hata mikono ikachoka. Tairi la milimita 175 hupita hapo kwa utulivu mkubwa zaidi. Mvua ikinyesha, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando, na gari jepesi juu yake halina uzito wa kuyakata, kwa hiyo huelea juu ya maji katika mwendo ambao lile jembamba lingali linashika. Huu si uzushi wangu. Watazame madereva wa mashindano ya rali ya dunia: kwenye lami kavu hufunga matairi mapana ya rimu za inchi 18, lakini wakishuka kwenye changarawe au theluji hurudi kwenye rimu za inchi 15 na matairi membamba zaidi, marefu ya mashavu, yanayopenya uchafu wa juu mpaka yafike chini penye ugumu. Na lile gari lililoshinda Safari mwaka 1971, ambalo Nissan, waliolitengeneza, wamelihifadhi hata leo, lina madigadi yale yale liliyozaliwa nayo, hayakupanuliwa. Lilipita matope, vumbi na mawe ya Afrika Mashariki, likawaacha nyuma wengi, na magurudumu yake yalikuwa ndani ya mwili wake.

Watu wa kiwanda kile kile walipotaka upana, walionyesha jinsi unavyotafutwa kwa adabu. Mwaka 1971 waliuza Japani aina iliyoitwa Fairlady 240ZG, yenye pua ndefu na vipande vya kupanulia madigadi vilivyofungwa kwa ribiti, ili gari la mashindano litakalotokana nayo liwe na mahali pa kuweka magurudumu mapana. Walitangulia kuipanua nyumba, kisha wakamwalika mgeni. Katika nchi ile ukaguzi wa gari haukubali rimu itokeze nje ya mwili, na Ujerumani mwenye kufunga rimu zisizo katika vipimo vilivyoidhinishwa kwa gari lake hutakiwa kumwonyesha mkaguzi, na badiliko likaandikwa katika hati za gari. Kwetu mara nyingi jambo hili huachwa kwa hiari ya mwenye gari na dhamiri ya fundi, na kwa sababu hiyo maarifa ya watu hao wawili ndiyo ulinzi pekee wa mtu wa tatu anayetembea kando ya barabara.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naikubali kwa moyo mweupe, nayo ni uhaba. Matairi mazuri ya inchi 14, ya kiwango cha mwendo kinacholingana na gari la spoti, yamekuwa machache madukani, kwa kuwa viwanda vimehamia kwenye vipimo vikubwa; na mwenye gari aliyezunguka mji mzima bila kulipata tairi lake hana budi kufikiria rimu ya inchi 15. Huyo simlaumu. Lakini na achague kwa kuzingatia kimo. Tairi la asili lina kimo cha karibu milimita 640. Tairi la 205/60R15 lina milimita 627, na tofauti hiyo gari hulichukulia vyema. Lile la 225/50R15 lipendwalo na wengi lina milimita 606 tu, na hapo spidomita ikisema 100, gari huwa linakwenda karibu 95, injini huzunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na tumbo la gari huwa limeshuka kwa milimita 17 kuelekea mawe. Na wanaokwenda mpaka inchi 17, wakafunga 215/40R17, wana shavu la milimita 86 mahali palipokuwa na zaidi ya 140. Shavu hilo ndilo linalopokea shimo kabla ya rimu, na katika nchi zenye mashimo kama zetu sielewi kwa nini mtu alipe fedha ili alipunguze. Jahazi lililoundwa kwa tanga la kadiri yake, likipandishiwa tanga la jahazi kubwa, mlingoti ndio utakaotangulia kulia, na nahodha yeyote wa Lamu anajua hivyo kabla hajaondoka gatini.

Lililo kubwa zaidi kuliko upana, na ambalo halizungumzwi hata nusu ya linavyostahili, ni umri wa mpira wenyewe. Gari la spoti la zamani hutembea kidogo. Kashata za matairi yake haziishi. Mwenyewe huyatazama, akayaona yana kina, akaridhika. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umesimama: hukauka, hupasuka nyufa ndogo ndogo kwenye mashavu, na hupoteza ule ulaini unaoshika lami, hususa penye maji. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000, mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hata tairi lenye 2319 likawa ni la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Viwanda vingi hushauri tairi lisitumiwe likipita miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama halijaota kipara. Ukikuta tarakimu tatu tu, basi tairi hilo ni la karne iliyopita, na mahali pake si barabarani. Tairi jipya la milimita 185 lenye mpira laini wa siku hizi litaisimamisha 240Z katika mvua kwa umbali mfupi kuliko tairi la milimita 225 la mtumba lililokauka, na tofauti hiyo dereva ataigundua siku atakapomkuta mtoto akivuka njia.

Nikiombwa ushauri, basi, ushauri wangu kwa mwenye Datsun 240Z ya kutembea katika barabara zetu ni huu. Asifunge tairi pana kwenye rimu ya asili ya inchi 4.5, kwa maana 195/70R14 huhitaji rimu isiyopungua inchi 5. Atafute rimu ya inchi 14, upana wa inchi 5.5 au 6, inayokaa vizuri juu ya kitovu bila spesa, na avike 195/70R14 mapya: kimo chake ni milimita 629, shavu lake ni milimita 136.5, laingia ndani ya madigadi bila nyundo, na mshiko wake, kwa mpira wa leo, unazidi kwa mbali ule walioujua waliolinunua gari hili jipya. Fedha zitakazobaki azitie katika bushi, beringi, mipira ya breki na alaimenti. Aziweke rimu zake za chuma za asili mahali pakavu, azipake mafuta, asiziuze, kwa kuwa atakayelirithi gari atazitaka.

Nanyi mafundi, ambao neno lenu mteja hulisikiliza kuliko la gazeti lolote, nawasihi msikubali kuinua nyundo wala msumeno juu ya digadi la gari la namna hii kabla hamjaitoa springi, hamjapaka chaki na kumwonyesha mwenyewe mstari ulipo. Madigadi ya 240Z hayatengenezwi tena kwa wingi, na yaliyokatwa hayarudi.